Mwaka Niliohudumia Boti ya Ngassa

Mwezi uliopita nilikwenda Kahama kumzika Ngassa. Sikwenda kwa mapenzi. Mwanawe mkubwa ni mteja wangu, huleta magari yake gereji kwangu, na huku kwetu mteja akifiwa na baba yake huwezi kujificha. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nikapewa sahani ya wali na nyama, na msemaji wa familia akaanza kusoma wasifu wa marehemu. Alianzia kwenye ununuzi wa dhahabu, akapita kwenye vituo vya mafuta, akafika kwenye ile hoteli ya ziwani, ambayo aliiita mwanzo wa utalii katika kanda yetu. Kisha akasema marehemu aliwapenda wafanyakazi wake kama watoto wake wa kuzaa. Nilikuwa na tonge mdomoni. Halikupita. Nililitema kwenye kiganja, nikaliweka ukingoni mwa sahani. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekaa kando yangu akaniinamia: "Mayu, mama, nyama ina nini?" Nikamwambia nyama haina kosa lolote. Aliniangalia kidogo, akavuta sahani yangu akaimalizia yeye. Mimi nikabaki natazama watu wakitikisa vichwa kwa huzuni, na kile kichefuchefu cha mwaka ule kikanirudia chote, kana kwamba kilikuwa kimekaa tumboni miaka yote hii kikisubiri mtu aseme sentensi ile moja.

Mwaka ule nilikuwa binti mwenye cheti cha ufundi wa magari na mikono iliyozoea injini za makarasha kule Mwakitolyo, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu ambazo hunguruma kutwa nzima katikati ya vumbi jeupe. Ngassa alikuwa akija pale kununua dhahabu kwa wachimbaji. Alikuwa mnene, mwenye sauti laini, na alikuwa na tabia ya kuchokonoa meno huku akizungumza nawe, kisha kukiangalia kile alichokitoa. Siku moja alisimama nyuma yangu nikiwa nimeinamia karasha iliyogoma. Ilipowaka, akaniuliza, "Binti, injini ya boti unaiweza?" Nikamjibu kwamba ikiwa inakunywa petroli, nitajaribu. Akacheka. Wiki haikuisha nikawa Chato, kwenye hoteli yake, na chumba changu kilikuwa stoo iliyoshikana ukuta na jiko upande mmoja na shimo la maji machafu upande wa pili. Ukuta wa upande wa shimo ulikuwa na unyevu uliopanda mpaka usawa wa kichwa changu nikiwa nimelala. Asubuhi niliamka na ladha yake kooni. Mama Pili, mpishi, aliniambia nisiguse ule ukuta na nisiulize kwa nini rangi yake inabadilika kila mvua ikinyesha.

Chakula chetu kilikuwa mabaki. Sisemi kwa kujidai, nyumbani nilikula mabaki mara nyingi, lakini ni tofauti kula kiporo cha ndugu yako na kula samaki ambaye mgeni amekwisha kumtoboa kwa uma na kumwachia alama ya rangi ya mdomo. Mama Pili alitenga vipande visivyoguswa kwa ajili yetu. Ngassa alipogundua, akaagiza visivyoguswa virudi kwenye jokofu, vikaangwe upya kesho yake kwa wageni wengine. "Mafuta ya moto yanasafisha kila kitu," alisema. Nilimsikia mwenyewe kupitia lile dirisha dogo la kupitishia sahani kati ya jiko na ukumbi wa kulia. Dirisha lile ndilo lililonifundisha watu. Wanunuzi wa dhahabu walikuwa wakija mwisho wa juma kunywa, na kupitia pale niliwasikia wakisimuliana jinsi walivyochezea mizani, na jinsi duara fulani, shimo la wachimbaji, lilivyoporomoka na kufukia watu, na mmoja wao akauliza tu kama mawe yalikuwa yameshatolewa nje kabla. Walicheka. Mama Pili alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso, ila alibadilisha mkono wa kisu na kuendelea kumenya maganda manene mno.

Boti yenyewe nilikuwa sijawahi kuona mfano wake. Haikuwa na injini ya kuning'inia nyuma kama boti za wavuvi na za abiria. Injini yake ilikaa ndani, katikati, chini ya sanduku lenye mfuniko wa ngozi ambalo watu waliligeuza kiti. Ilikuwa injini kubwa ya petroli, ya kabureta, ya zamani kuliko mimi. Mzungu mmoja aliyefanya kazi migodini upande wa Geita aliileta kwa ajili ya mchezo: mtu anafunga mbao ndefu miguuni, anashika kamba, boti inamvuta naye anateleza juu ya maji. Alipoondoka, Ngassa akaichukua. Aliyeiendesha alikuwa Deo, Mzinza wa visiwani, mwembamba, aliyekulia kwenye vyombo vya majini. Alikuwa na pumu. Mama Pili akiwasha kuni mbichi, Deo alichukua sahani yake akaenda kula nje kwenye upepo, hata kama mvua inanyesha. Mimi nilimwita kaka Deo, yeye aliniita fundi, tangu siku ya kwanza, kabla sijatengeneza chochote.

Tatizo lilikuwa hivi. Boti ikiwashwa inawaka vizuri. Ikienda polepole haina neno. Lakini Deo akimvuta mtu na kukanyaga moto ili iende kasi, inakwenda kwa nguvu hadi karibu na mafunjo ya upande wa pili, kisha inaanza kumisi, inakohoa, inakufa. Yule aliyekuwa akiteleza anazama polepole akiwa bado ameshika kamba, na wenzake ufukweni wanampigia kelele. Ukiiacha ipumzike inawaka tena kama haikuwa na kosa. Mimi nilianza na plagi, kwa sababu Ngassa alisema ni plagi. Nikabadilisha, ikafa vilevile. Nikashuku koili, nikapoteza siku mbili kwenye nyaya. Ndipo Deo akasema jambo ambalo lilinifungua akili: ikishakufa, akifungua kifuniko cha tangi, anasikia tangi likivuta hewa kwa mlio. Basi injini haikukosa moto wa plagi, ilikosa mafuta. Ilikuwa ikinywa kutoka kwenye chombo kisichopumua, na ikitaka kunywa kwa wingi haipati. Nikatafuta kile kibomba cha kuingizia hewa kwenye tangi. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo mgumu kama tofali. Nilipouchokoa kwa waya, wakatoka viwavi weupe wakanidondokea kwenye mkono.

Baada ya hapo boti ilikwenda mbali zaidi, kisha ikafa tena. Nikafyonza mafuta kidogo nikayaweka kwenye chupa ya jemu, nikayaacha yatulie. Chini kukawa na maji, juu yake petroli yenye rangi ya chai. Nikachovya kidole nikapaka kiganjani. Petroli safi hukauka mara moja na kukuachia ubaridi. Hii ilibaki, inateleza, inanuka taa ya chemli. Ilikuwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Na mafuta yale yalitoka Buseresere, kwenye kituo cha Ngassa mwenyewe. Nilipomwonyesha ile chupa alikuwa anakula. Aliitazama, akatabasamu jinsi mtu anavyotabasamu akikumbushwa utundu wake wa zamani. "Hayo si ya boti," alisema. "Walikosea pipa. Ya boti yalitakiwa yatoke lile pipa jingine." Nikasimama pale nimeshika chupa. Alikuwa hata haoni haya. Watu wa Ushetu na Bukombe waliokuwa wakisukuma pikipiki zao barabarani zikiwa zimekufa injini, hao aliona ni sawa. Kosa lilikuwa la kijana aliyechanganya mapipa.

Ikabidi tangi litolewe lioshwe. Kati ya kazi zote nilizofanya maishani hiyo ndiyo ninayoiota. Chini ya tangi, kwenye tumbo la boti, tulikuta maji meusi, manyoya, na panya aliyeoza hata akawa kama tambara. Ndani ya tangi kulikuwa na ute wa kahawia, mzito, unaovutika kama usaha, mafuta ya miaka yaliyogeuka kitu kingine. Nilitapika mara ya kwanza kabla sijaanza, nikatapika tena nilipoingiza mkono. Deo alijifunga kitambaa puani akaondoka, akarudi, akaondoka tena akikohoa, na bado alirudi. Kabureta ilikuwa vilevile: vitundu vyake vidogo vya kupitishia mafuta vilizibwa na gundi ngumu ya manjano. Nilivisafisha kimoja kimoja kwa uzi wa shaba na petroli niliyoinunua mbali na Buseresere. Nikabadilisha chujio, nikabadilisha kiwambo cha pampu. Tulipoiingiza majini, Deo akakanyaga moto, na boti ikainua pua, ikapita mafunjo, ikazunguka ghuba yote bila kukohoa hata kidogo. Maji yalinipiga usoni. Deo alikuwa anapiga kelele za furaha kama mtoto, nami nikapiga pia. Sitaki kuusahau mchana huo kwa sababu ya mambo yaliyoufuata.

Yalianza na harufu. Nilifungua sanduku la injini asubuhi moja ikanipiga petroli, kali, mbichi. Nikapangusa kila kiungo mpaka nikaufikia mpira unaotoa mafuta kwenye tangi kuyapeleka kwenye pampu. Ulikuwa wa zamani kama boti. Nilipoukunja, ulifunguka nyufa kama visigino wakati wa kiangazi, na kwenye kila ufa likatokea tone. Nikajaribu ile feni ya kutolea mvuke kwenye chumba cha injini, ambayo huwashwa kabla ya kuwasha injini yenyewe. Ilikuwa imekufa. Nikaenda kwa Ngassa, nikamkuta mezani, kama kawaida, akimega kichwa cha sangara kwa vidole. Nikamweleza taratibu. Gari likivuja petroli, mvuke unaanguka chini barabarani, upepo unauchukua. Boti ni bakuli. Mvuke wa petroli ni mzito, unakaa chini ya bakuli, unajaa, unasubiri cheche. Nikamwambia tunahitaji mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli na feni mpya, na mpaka vipatikane boti isiguswe.

"Boti inanuka kwa sababu ni boti," alisema.

"Inanuka kwa sababu inavuja, bosi."

"Wageni wangu wa Pasaka wanakuja kuteleza. Hawaji kunusa." Alinyonya jicho la samaki, akaitema gololi yake kwenye sahani. "Fundi mzuri hatishi watu."

Niliufungua ule mpira nikaenda nao chumbani kwangu. Boti bila mpira haiendi, basi. Jumamosi ya Pasaka akanituma Buseresere kuchukua chujio ambalo sikuliomba. Nilipaswa kujiuliza, lakini bosi akikutuma unakwenda. Duka alilonielekeza lilikuwa limefungwa. Niliporudi mchana, niliisikia injini kabla sijafika getini. Nikakimbia mpaka ufukweni. Kwenye gati dogo palikuwa na vipande vya mpira mweupe unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi ujenzi hujaza maji kupimia levo ya ukuta. Petroli huulainisha mpira ule ukawa kama ugali. Mlinzi aliniambia fundi bomba wa hoteli ndiye aliyefunga asubuhi, na kwamba bosi alimwambia Deo mimi ndiye niliyefunga, nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Nilivua kitenge nikakipunga, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Wageni kwenye ukumbi wa nje walinipungia mikono wakidhani nashangilia. Mbali kule majini kijana mmoja wa kati ya wale wageni alikuwa akiteleza. Kisha injini ikakata. Nikamwona Deo anasimama, anainua mfuniko wa sanduku, anapepea hewa kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi. Alikuwa ananusa. Aligeuka akawaambia kitu abiria wake, na niliona wanaanza kusogea ukingoni. Lakini mgeni mmoja, bwana mnene aliyejipenyeza kwenye kiti cha dereva Deo alipokiacha, ili apigwe picha, alinyoosha mkono akazungusha ufunguo. Haukuwa mlipuko mkubwa kama watu wanavyofikiri. Ulikuwa mlio mfupi, mzito, kama mlango wa ghala ukifungwa, kisha moto ukasimama mahali sanduku lilipokuwa.

Deo alikuwa amewavalisha wote majaketi ya kuelea kabla ya safari, na hilo ndilo lililowaokoa. Waliruka. Yule bwana mnene hakuruka, alishika chuma cha kioo cha mbele kwa mikono miwili, akalia. Deo alipita pembeni ya moto, akambandua vidole, akamsukuma majini, ndipo naye akaanguka. Wavuvi waliokuwa karibu wakawaokota wote. Boti ikaungua mpaka kwenye maji, ikazama ikifoka mvuke, ikaacha mafuta meusi yametanda.

Tulimlaza Deo kwenye meza ya jikoni kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa ndefu. Mikono yake kutoka viganjani mpaka viwiko ilikuwa imechunika. Mama Pili alikuwa akimmiminia maji safi, kikombe baada ya kikombe, akimwambia kwa Kisukuma apumue, apumue, nami nilishikilia kichwa chake maana pumu ilikuwa imembana. Ngassa akaingia. Nilidhani amekuja kusema gari liko tayari. Aliangalia meza, akaangalia sufuria, akasema:

"Mtoeni hapo. Hapo ndipo chakula cha wageni kinapoandaliwa."

Mama Pili aliendelea kumimina. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye viatu vya Ngassa, naye akarudi nyuma hatua moja asilowe. Nikaitazama ile hatua yake ya kurudi nyuma. Nimeona maiti zikitolewa kwenye maduara, na nimeingiza mkono kwenye lile tangi, lakini sijawahi kukinai kitu jinsi nilivyokinai miguu ile miwili ikijiepusha na maji ya mtu aliyeungua.

Mlinzi alipompakia Deo kwenye gari la mboga kwenda kituo cha afya, nilibaki jikoni kufuta meza, na kupitia lile dirisha dogo nikamsikia Ngassa akiwaeleza wageni. Alisema kwa masikitiko, kwa sauti yake laini, kwamba dereva alikuwa akivuta sigara. Kwamba alimwonya mara nyingi. Kwamba vijana wa siku hizi hawasikii. Nikatoka na tambara mkononi nikasimama mbele ya meza yao.

"Deo ana pumu," nilisema. "Havuti sigara, hata moshi wa kuni unamshinda. Mpira wa mafuta uliofungwa asubuhi ni wa kupimia levo. Mimi niliukataa mpira wa zamani, bosi akafunga mbovu zaidi. Na aliyewasha ni wewe, mzee." Yule bwana mnene, aliyekuwa amevikwa taulo, akashusha macho kwenye sahani.

Mkewe akasema polepole, "Mimi nilisikia harufu tangu tunapanda. Nikadhani boti zote zinanuka hivyo."

"Nyamaza wewe," mumewe akamwambia. Kisha mtu mmoja mwisho wa meza akauliza kama samaki amebaki.

Askari alikuja Jumatatu. Kabla hajafika, Ngassa aliniita nyuma ya jengo, karibu na lile shimo, akanishika bega. Alisema mimi ni fundi mwenye kipaji, kwamba ana kiwanja Kahama kando ya barabara, kwamba angependa kunifungulia gereji yenye jina langu ubaoni. Nilichotakiwa kusema ni kwamba niliwahi kuona sigara. Nitakuwa mkweli: niliiona ile gereji. Niliona na ubao. Ilinichukua muda kumjibu, naye akachukua ule muda kuwa ni ndiyo, akatabasamu, akaanza kuchokonoa meno. Pumzi yake ilinifikia. Nikautoa mkono wake begani, nikaenda kwa askari nikamweleza yote kuanzia kibomba cha hewa mpaka mpira wa levo, na Mama Pili akaacha jiko akaja kusimama kando yangu akasema, "Ndivyo ilivyokuwa, gete, kweli kabisa." Kesi haikufika popote dhidi ya Ngassa. Lakini maneno ya sigara hayakupata pa kushika tena, na Deo hakushtakiwa, na leseni yake hakunyang'anywa. Jioni ile ile mfuko wangu wa nguo ulikuwa nje ya geti. Mama Pili alivumilia mpaka mwisho wa mwezi, akaondoka na yeye.

Kwenda kituo cha afya nilipanda pikipiki. Deo alikuwa kitanda cha dirishani, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, imeinuliwa juu ya mito. Nilimwambia kila kitu, na kwamba sikufunga mpira ule.

"Nilijua nilipoinua mfuniko," alisema. "Nikasema, huyu si fundi wangu." Kisha akavuta pumzi kwa shida. "Ila kuna kitu kinanichosha kuliko maumivu. Nywele zangu. Sina mkono wa kujiosha, na kila nikilala nasikia ule uchafu wa tangi."

Nikainama. Ilikuwa kweli. Mafuta meusi aliyoogelea ndani yake yalikuwa yamegandamana na masizi kichwani, yananuka uozo ule ule. Muuguzi, aliyekuwa na wodi nzima peke yake, alinipa beseni na kipande cha sabuni ya kufulia. Nikamvuta Deo mpaka kichwa chake kikaning'inia ukingoni mwa kitanda, nikachota maji ya uvuguvugu, nikaanza kuosha. Beseni la kwanza likawa jeusi, nikalimwaga nje. La pili likawa la kijivu. Yeye alikuwa amefumba macho, na pumzi yake ikawa inatulia kidogo kidogo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniuliza kama mimi ni mkewe. Nikamwambia hapana, ni fundi wake. Nikachota maji mengine, nikazinusa tena zile nywele karibu kabisa, nikaendelea kusugua mpaka pale ambapo sikusikia chochote ila sabuni.